Kupika eli ya Kiingereza kwa hopsi za East Kent Goldings: mwongozo wa lita 20

Hopsi ni maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu, na Goldings ni hopsi ya sauti ya chini. Hopsi za Marekani za siku hizi hunukia embe na balungi kabla hujafikisha glasi puani. Hii inanukia asali, ganda la limau, maua na majani makavu ya zaatari, na ukiizonga kwa kimea cha kuungua au hamira iliyopandwa na joto haisikiki tena. Ndiyo maana wengi huijaribu mara moja, wakaona bia yao ni chungu tu isiyo na harufu, wakailaumu hopsi. Mara nyingi kosa halikuwa la hopsi. Vipimo vilivyomo humu ni vya bita, ile eli (bia inayochachushwa kwenye joto la wastani) ya kawaida ya baa za kusini-mashariki mwa Uingereza yenye kilevi cha asilimia 4 hivi, na kila kimoja kimewekwa ili harufu hiyo ibaki. Nyuzi zote za joto ni za Selsiasi.

Jambo la kisheria kwanza. Uingereza ilifuta leseni ya kupika bia ya kunywa nyumbani mwaka 1963. Kama unaishi kwingine, uliza sheria ya huko kabla ya kuwasha jiko, hasa ikiwa kuna hata chupa moja unayofikiria kuuza.

Hopsi yenyewe

Hopsi ni ua la kike la mmea unaotambaa, linalochumwa na kukaushwa. Katika bia inafanya kazi ambayo magome ya msesewe hufanya kwenye mbege: inatia uchungu wa kukata utamu wa kimea. Pia inazuia baadhi ya bakteria wa kuchachisha. Lipasue ua kwa urefu na kwenye shina la vijani vyake utaona unga wa manjano unaonata, ambao huitwa lupulini. Ndani ya unga huo mna vitu viwili vinavyotuhusu. Asidi za alfa hazina uchungu wa maana mpaka zichemke kwa muda mrefu na kubadilika umbo. Mafuta yanayonukia ni kinyume chake, yaani kuchemka ndiko kunakoyafukuza. Karibu kila uamuzi katika ratiba ya hopsi unatokana na ugomvi huo.

Kwa Goldings, asidi za alfa huwa kati ya asilimia 4 na 6.5, kutegemea mwaka na shamba. Mafuta hayafiki mililita 1 kwa gramu 100, ambayo ni kidogo ukilinganisha na hopsi nyingi za kisasa. Ila mchanganyiko wa mafuta hayo ni wa aina yake: humulini ni nyingi kuliko mirsini, ndiyo maana inanukia upole na viungo badala ya matunda.

Mbegu hii ilichaguliwa mwishoni mwa karne ya 18 huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kutoka hopsi ya zamani iitwayo Canterbury Whitebine, na jina lake ni la mkulima aliyeieneza, bwana Golding. Maneno "East Kent" si pambo. Ni jina linalolindwa kisheria tangu 2013, na ni hopsi za mashariki ya Kent pekee, maeneo ya Faversham, Canterbury na Sandwich, zinazoruhusiwa kulibeba. Goldings za Worcestershire na Herefordshire ni za ukoo huohuo na zinafaa kabisa kwa mapishi haya. Kwenye pakiti unaweza pia kukuta Cobb's, Early Bird au Eastwell, ambayo ni matawi ya Goldings yanayotofautiana hasa kwa wakati wa kukomaa. Chukua bila wasiwasi.

Mitego ni mingine. Styrian Goldings ya Slovenia si Goldings hata kidogo. Ni Fuggle, hopsi nyingine ya Kent, iliyopelekwa huko na kubatizwa jina lisilo lake. Ni hopsi nzuri, lakini ina udongo mwingi zaidi na asali kidogo. Bramling Cross ni chotara mwenye harufu ya matunda meusi. First Gold ni mbegu fupi ya kisasa. Muuzaji akikwambia "ni ileile tu", mwombe akuonyeshe maandishi ya pakiti.

Na kama wazo limekujia la kuagiza vipande vya mizizi upande nyuma ya nyumba Arusha au Limuru, hifadhi pesa yako. Hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini ili itambae kwanza na kuchanua baadaye, kisha majira ya baridi ya kulala. Karibu na ikweta, ambako mchana ni saa 12 mwaka mzima, huchanua ikiwa bado fupi na kutoa maua ya kuhesabu.

Kununua na kutunza

Hapa ndipo bia nyingi huharibikia, wiki kadhaa kabla ya sufuria kuwekwa jikoni.

Kent huvuna mwezi wa Septemba. Pakiti inapaswa kuonyesha mwaka wa mavuno na kiwango cha alfa; isiyoonyesha yote mawili iache dukani. Iwe ya karatasi ya madini iliyofyonzwa hewa, ngumu kama tofali dogo. Ikiwa laini na inacheza mkononi, hewa imeingia. Uliza pia ilikokuwa imewekwa. Hopsi iliyokaa miezi sita kwenye rafu ya duka lenye joto imepoteza sehemu kubwa ya alfa zake, hivyo namba iliyoandikwa nje si ya kweli tena na hesabu yako ya uchungu itakuwa ya kubahatisha.

Ukishafungua, chukua maua matatu au manne, uyasugue kwa nguvu katikati ya viganja mpaka vipate joto, kisha nusa mara moja. Harufu ya kwanza ni ya majani makavu, ipuuze. Subiri sekunde kumi, nusa tena. Ikija asali na limau, uko salama. Ikija jibini lililooza au soksi, asidi zimeshaoza na hakuna dawa. Hopsi hiyo hata kwa uchungu usiitumie. Angalia na rangi ya lupulini: ya manjano angavu ni nzima, ya chungwa iliyofifia au kahawia imezeeka. Kijiti cha katikati ya ua kikunjwe: kikikatika kwa mlio, ua lilikaushwa sawasawa.

Maua mazima au vidonge vilivyoshindiliwa? Vyote vinafaa. Vidonge vinachukua nafasi ndogo, vinakaa muda mrefu zaidi na vinatoa uchungu zaidi kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo punguza gramu za uchungu kwa kiasi hicho. Maua mazima yanajichuja yenyewe chini ya sufuria. Kwa anayeishi mbali na Uingereza na kuagiza kwa posta, vidonge ndivyo. Weka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, na pakiti iliyofunguliwa ibanwe hewa yote itoke.

Mahitaji

Kwa lita 20 zitakazoingia kwenye chupa:

- Kimea cheupe cha eli, cha shayiri ya Maris Otter ukikipata, kilo 3.75
- Kimea cha kristali cha rangi ya wastani, gramu 250
- East Kent Goldings zenye alfa asilimia 5, pakiti moja ya gramu 100
- Hamira kavu ya eli ya Kiingereza, pakiti moja ya gramu 11 hivi (S-04 inafaa)
- Maji, lita 29
- Jasi ya kupikia bia, gramu 5
- Mwani mkavu wa kusafishia bia, gramu 4
- Sukari nyeupe, gramu 80

Usiongeze kristali. Gramu 250 zinatosha kuipa bia rangi ya shaba na utamu kidogo wa karameli. Ukifika gramu 500, karameli inaikalia Goldings kifuani.

Vyombo: sufuria ya lita 35, chombo cha kulowekea kimea chenye kichujio chini (boksi la kutunzia barafu lililotiwa bomba linatosha), kipimajoto, haidromita (ya kupima sukari iliyoyeyuka; maji matupu husoma 1.000), mzani wa gramu, bomba la shaba la kupozea, ndoo ya kuchachulia yenye mfuniko na kizibo cha kutolea hewa, mpira wa kuhamishia, chupa za kahawia 40 za mililita 500 na vizibo vyake. Chochote kitakachogusa bia baada ya kupoa kisafishwe kwa dawa ya asidi isiyohitaji kusuuzwa. Dawa ya madoa yenye klorini iepuke, kwani mabaki yake hugeuka ladha ya dawa ya hospitali.

Hesabu ya uchungu

Fanya hesabu hii kila unapofungua pakiti mpya. Alfa hubadilika kila mwaka, na anayepima gramu zilezile kila mara hupika bia tofauti kila mara.

Gramu = IBU unazotaka × lita ÷ (alfa × mgawo × 10)

IBU ni kipimo cha uchungu, na bita hutaka 28 hadi 32. Lita ni zile zilizobaki kwenye sufuria baada ya kuchemsha, hapa 21. Alfa ni asilimia iliyoandikwa kwenye pakiti. Mgawo ni sehemu ya asidi inayofanikiwa kubadilika na kubaki: kwa bia nyepesi kama hii ni 0.25 kwa hopsi inayochemka dakika 60, na 0.125 kwa dakika 15.

Mfano: unataka IBU 24 kutoka hopsi ya dakika 60, alfa ni 5. Basi 24 × 21 ÷ (5 × 0.25 × 10) = gramu 40. Pakiti ikisema 4.2, jibu ni gramu 48. Ikisema 6.2, ni gramu 32 au 33. Tofauti hiyo inasikika ulimini.

Ratiba ya pakiti yetu ya gramu 100 ni hii: gramu 40 kwa dakika 60, gramu 15 zikibaki dakika 15, gramu 25 baada ya moto kuzimwa, na gramu 20 za kuloweka kwenye bia iliyochacha. Alfa ikiwa ndogo na gramu 40 zisitoshe, punguza zile za kuloweka, usiguse za baada ya moto. Njia nyingine, isiyo na dhambi yoyote, ni kutumia hopsi nyingine safi kama Challenger au Target kwa dakika 60 na kuiachia Goldings kazi ya harufu. Wako watakaonuna wakisikia hivyo. Ila harufu ya hopsi iliyochemka saa nzima imekwenda na mvuke, na ni wachache wanaoweza kutofautisha.

Hatua ya 1: Maji

Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea huleta ile ladha ya dawa. Tia nusu ya kidonge cha metabisulfaiti, dawa ya kuondoa klorini, kwenye lita zote 29, koroga, subiri dakika tano. Kisha tia jasi. Kalsiamu yake husaidia vimeng'enya na kutuliza hamira chini mwishoni. Salfeti yake huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na wa kukatika, usiolala ulimini. Maji ya Kent na London yamepita kwenye miamba ya chokaa, hivyo wapishi wa huko hulazimika kuyatia asidi au kuyachemsha kwanza. Lengo ni pH (kipimo cha asidi) ya 5.2 hadi 5.4 kimea kikishachanganyika. Maji ya kisima ya pwani yenye chumvi yaache. Hakuna kipimo cha jasi kitakachoyaokoa.

Hatua ya 2: Kuloweka kimea

Pasha lita 10.5 mpaka nyuzi 74. Kimea kikiwa kimekaa kwenye chumba cha nyuzi 28, zitatosha 73. Mimina kwenye boksi, tia kimea kilichopasuliwa polepole huku ukikoroga, vunja kila donge. Kipimajoto kisome 66 au 67. Ukizidi 69, sukari zisizochachuka zinakuwa nyingi na bia inabaki nzito ya utamu; chini ya 64 inakuwa nyembamba na uchungu unachomoza. Bado una dakika kama kumi za kusahihisha kwa nusu lita ya maji baridi au yanayochemka. Funika dakika 60.

Mwishoni chota kijiko cha maji yake, weka kwenye kisahani cheupe, dondoshea tone la aidini. Ikibaki kahawia, wanga umekwisha. Ikigeuka nyeusi, funika tena robo saa.

Hatua ya 3: Kusuuza na kukusanya

Fungua bomba kidogo, yarudishe juu yale maji ya kwanza yenye vumbi mpaka yatoke safi, kisha yaache yatiririke taratibu kwenye sufuria. Wakati huohuo suuza kimea kwa lita 18.5 za maji ya nyuzi 75. Usipite 77, na usiendelee kusuuza ikiwa haidromita inasoma chini ya 1.008, kwani maganda huanza kutoa ukakasi kama wa chai iliyosahaulika jikoni. Unapaswa kupata lita 25 hivi zenye kipimo cha 1.033. Utamu wake utawakumbusha wengi togwa iliyochujwa. Machicha ya kimea wape ng'ombe au kuku.

Hatua ya 4: Kuchemsha

Inapokaribia kuchemka, povu hupanda ghafla na kumwagika jikoni. Simama hapo, punguza moto, koroga. Hopsi usizitie bado, kwa sababu povu hilo ni protini na huzibeba lupulini hadi kwenye kingo za sufuria. Likishuka baada ya dakika tano au kumi na maji yakawa yanabingirika, tia gramu 40 na uanze kuhesabu dakika 60. Mfuniko usiufunike wote, mvuke unabeba na harufu mbaya ya mboga zilizopikwa.

Kuchemka kuwe kwa nguvu. Anayechemsha kwa moto wa kivivu ili kuokoa gesi hupata uchungu mdogo kuliko alivyopiga hesabu na bia isiyong'aa.

Zikibaki dakika 15, tia gramu 15 za hopsi pamoja na mwani uliolowekwa kwenye maji kidogo. Huu ni mwani mwekundu wa pwani za Atlantiki ya Kaskazini, na kinachofanya kazi ndani yake ni karaginani, bidhaa ileile inayofanya mwani wa akina mama wa Paje na Jambiani ununuliwe na viwanda. Hukusanya protini ziwe mabonge yanayozama. Wakati huo pia tumbukiza bomba la kupozea ili joto liue vijidudu vyake.

Hatua ya 5: Hopsi ya nyuzi 80

Hatua hii ndiyo moyo wa mapishi, na ndiyo wapishi wengi huiruka.

Zima moto. Fungulia maji kwenye bomba la kupozea mpaka kipimajoto kisome 80, kisha funga maji. Sasa tia gramu 25 za Goldings, koroga polepole mara mbili tatu, funika, acha dakika 25. Kwa joto hili asidi za alfa hubadilika kidogo sana, kwa hiyo hutaongeza uchungu wa maana. Mafuta nayo yanayeyuka bila kurushwa na mvuke. Ukizitia sekunde tu moto unapozimwa, maji yakiwa bado nyuzi 98, nusu saa ya kupoa polepole itakula harufu na kukupa uchungu usioupangia. Katika hopsi yenye mafuta tele hasara hiyo haionekani. Goldings haina cha kupoteza.

Ukifungua mfuniko baada ya dakika hizo, harufu inayotoka ni ya asali iliyopashwa moto na maganda ya limau. Ikumbuke, ndiyo unayotafuta kuihifadhi kuanzia hapa.

Hatua ya 6: Kupoza na kutia hamira

Poza haraka hadi nyuzi 18. Palipo na maji ya bomba ya nyuzi 27, kama Mombasa au Dar es Salaam, bomba la shaba litaishia kwenye 30 hivi. Usikubali kutia hamira hapo. Hamishia kwenye ndoo safi, ifunge, iweke ndani ya beseni la maji yenye barafu saa moja au mbili.

Kipimo cha haidromita kiwe 1.040, lita 21, na ukiacha mashapo na hopsi utabaki na 20 na kidogo. Maua yaliyobaki sufuriani usiyatupe ovyo. Hopsi ni sumu kwa mbwa: hupandisha joto la mwili wake mpaka kufa. Zika au funga kwenye mfuko.

Mimina ukiwa umeinua juu ili bia ivute hewa, kisha nyunyizia hamira. Hewa ni rafiki kwa saa hii tu. Baada ya kuchacha kuanza ni adui.

Hatua ya 7: Kuchachusha

Shikilia nyuzi 18 siku tatu za mwanzo, halafu iache ipande hadi 20. Kumbuka kwamba bia inayochacha hujipasha yenyewe. Chumba cha nyuzi 22 kinaweza kuwa na ndoo ya nyuzi 25 ndani yake. Kuanzia hapo hamira hutoa harufu za matunda kupita kiasi na pombe kali zenye kuuma kichwa, na Goldings ndiyo ya kwanza kuzikwa. Friji kuukuu yenye kidhibiti joto ni uwekezaji bora kuliko hopsi yoyote ya bei. Kwa asiyekuwa nayo, beseni la maji, chupa za barafu zinazobadilishwa asubuhi na jioni, na kitambaa kilicholowa kuizunguka ndoo.

Povu litatulia siku ya nne au ya tano. Pima siku ya saba, tegemea 1.010 hadi 1.012.

Hatua ya 8: Kuloweka hopsi kwenye bia

Kent hutia kiganja cha maua makavu moja kwa moja kwenye pipa la baa. Wewe tia zile gramu 20 kwenye mfuko wa shashi uliochemshwa, pamoja na gololi mbili za chuma cha pua ili uzame, uache siku tatu hadi nne kwa nyuzi 18 au 20. Gramu 1 kwa lita inatosha. Wanaotoka kwenye bia za Kimarekani hutaka kutia gramu 5 au 6 kwa lita, lakini kwa kuwa mafuta ni machache, utaishia na ladha ya nyasi mbichi na majani ya chai badala ya harufu zaidi. Kwa siku nyingi mno matokeo ni hayohayo.

Hopsi mbichi huja na vimeng'enya vyake, navyo hukata sukari ambazo hamira ilishindwa kuzila. Kuchacha kunaweza kuamka tena kimyakimya. Pima kabla ya kuloweka, pima tena siku ya mwisho, na tena baada ya siku mbili. Namba mbili za mwisho zisipolingana, usijaze chupa. Chupa zinazopasuka kabatini wakati mwingine zina asili hii, na mwenyewe akadhani alizidisha sukari.

Hatua ya 9: Chupa

Chemsha gramu 80 za sukari katika nusu glasi ya maji, mimina kwenye ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira ulioshushwa mpaka chini, bila kurusha matone. Koroga taratibu. Gesi itakuwa kama mara mbili ya ujazo, chini ya bia ya dukani, na ndivyo inavyotakiwa: gesi nyingi huchoma ulimi na kufunika hopsi. Jaza ukiacha sentimita 3 juu.

Chupa za kahawia si suala la urembo. Mwanga ukipiga asidi za hopsi zilizobadilika, hutokea kemikali yenye harufu ya kicheche, na kwenye chupa ya kijani au nyeupe iliyoachwa juani inaweza kuanza kunuka ndani ya dakika chache.

Weka wiki mbili gizani kwa nyuzi 20, kisha mahali pa baridi. Harufu iko kwenye ubora wake kati ya wiki ya tatu na ya nane. Baada ya miezi mitatu unabaki na bia ya kimea yenye uchungu wa heshima, asali imeondoka.

Ikitoka vibaya

Chungu lakini haina harufu: hopsi ya zamani, au hatua ya nyuzi 80 ilifanywa kwa nyuzi 95. Nusa pakiti iliyobaki kabla ya kulaumu kingine.

Ladha ya karatasi iliyolowa, au utamu kama wa tende: hewa iliingia wakati wa kuhamisha. Chunguza viungio vya mpira. Tundu dogo linalovuta mapovu linatosha.

Uchungu unaokwaruza na kubaki nyuma ya koo: maji yenye alkali nyingi, kusuuza kupita kiasi, au jasi iliyotiwa kwa kijiko badala ya mzani.

Ndizi mbivu na pombe inayochoma: joto la kuchachusha. Hakuna hopsi itakayotibu hilo.

Siagi: bia iliondolewa kwenye hamira mapema mno. Bia ya mara hii haina la kufanywa ikiwa iko chupani, isipokuwa kuiacha wiki mbili zaidi kwenye joto la chumba. Wakati mwingine hupona.

Kuinywa

Baa za Kent huitoa pipani kwa nyuzi 11 hadi 13. Ikitoka moja kwa moja kwenye friji ya nyuzi 4, mafuta ya hopsi hayaruki na utakunywa maji ya kahawia. Itoe nusu saa mapema. Kwenye joto la pwani robo saa inatosha. Chupa isimame wima tangu siku iliyotangulia, na uimimine kwa mkono mmoja bila kuirudisha wima, kwa sababu ukisita katikati hamira iliyolala chini inapanda. Acha kidole kimoja cha bia chupani. Glasi ijae robo tatu tu, ili juu pabaki nafasi ya pua.